Sarafu Ishirini na Nne za Fundi Meno

Mama mwenye duka la mapazia alijua kwamba sarafu saba kati ya ishirini na nne zilizokuwa pale kaunta ni chuma kitupu. Alijua kwa sababu aliziweka mwenyewe.

Alisimama na mkoba kaukumbatia kama mtu aliye kwenye foleni ya sindano, akimtazama mumewe akikisukuma kisanduku kwa Bi Mizani, mwenye duka la sarafu.

"Zote," alisema mumewe. "Leo nauza zote."

Asubuhi alikuwa amemwambia tu avae viatu, wanakwenda mjini. Ya nini, hakusema.

Mumewe alikuwa fundi wa meno ya bandia. Paladi, madini meupe yenye thamani kama dhahabu, aliijulia kazini, akiiyeyusha kutengenezea meno ya watu wenye nafasi zao. Wenzake wakiweka akiba walinunua dhahabu. Yeye alisema dhahabu ni ya watu wavivu wa kufikiri. Akakusanya sarafu za paladi moja moja, miaka kumi na mitano, kila moja ndani ya ganda lake la plastiki. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Alama moja tu ya kidole, alisema, na bei imeporomoka. Mkewe alipopita na kitambaa cha vumbi aliombwa apumulie upande wa pili.

Ubaya wa madini yasiyo na umaarufu ni kwamba mnunuzi wake naye unamtafuta kwa tochi. Mama mapazia alipotaka kuuza, alizunguka kwa masonara watano. Wote walitaka dhahabu au fedha. Mmoja alimuuliza hiyo paladi inatibu nini. Mwisho ikambidi aende palepale mumewe alikonunulia, kwa Bi Mizani, na kumwapisha asitoe siri.

Alikuwa akiuza kwa ajili ya binti yao. Binti alikuwa mwaka wa pili wa udaktari alipowaaga wale maiti wa kujifunzia, akahamia chuo kingine kusomea uchoraji wa katuni. Baba yake akatangaza mezani, kijiko mkononi, kwamba senti yake haitalipia vikaragosi. Tangu hapo, miaka miwili na ushee, mtoto akitajwa, baba anaongeza sauti ya redio.

Mapazia yalilipa chumba na chakula cha binti. Ada yalishindwa. Kwa hiyo kila muhula, mitatu kwa mwaka, sarafu moja ilitoka kwenye ganda, na nakala ya chuma, yenye picha ileile ya ndege, ya kununua kwenye maduka ya zawadi, ikaingia. Fundi, mwenye jicho la kuona jino lililopinda nusu milimita, hakuona kitu. Kwa kipindi chote hicho hakuongeza hata sarafu moja. Alilalamika kwamba hela haikai mfukoni, ingawa kwa Bi Mizani hakuacha kwenda.

Na sasa mihula michache tu kabla mtoto hajamaliza, mambo yote yanafumuka mchana kweupe. Akigundulika, ada imekufa, na binti anarudi nyumbani na penseli zake.

"Baba, ukizitoa kwenye maganda si zitaharibika?" alijaribu.

"Nauza, mama. Anayeuza hapapasi, anatoa."

Bi Mizani alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Hakumtazama mama mapazia hata kidogo. Alifungua ganda la kwanza kwa glavu, akaipima sarafu ikiwa kavu, kisha akaining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji, akaipima tena. Akagawanya kwenye kikokotoo. Chuma cha kawaida, alieleza, hakifiki hata mara nane ya uzito wa maji. Paladi ni kumi na mbili.

"Kumi na mbili," alisoma. Akaweka pembeni.

Ya pili, kumi na mbili. Ya tatu vilevile. Fundi aliegemea kaunta akipiga mluzi bila sauti. Mkewe alikuwa akihesabu safu. Zake zilikuwa safu ya chini kabisa, na mwanamke yule alipima bila haraka, kama anayechambua mchele. Mama mapazia alitunga uongo mmoja, akauona mbovu, akatunga mwingine. Alifikiria kuzimia. Sakafu ilikuwa ya vigae, akaghairi.

Safu ya chini ikafika. Sarafu ikazama, uzi ukatulia.

Alifumba macho.

"Kumi na mbili."

Akafumbua. Alidhani amekosea mpangilio. Ikaja nyingine, kumi na mbili. Na nyingine. Mpaka ya mwisho ikatolewa majini, ikafutwa, ikalazwa kando ya nyingine.

"Zote ishirini na nne ni safi, Fundi," alisema Bi Mizani, akaingia chumba cha nyuma. Alirudi na bahasha nene, akaikabidhi, kisha ghafla akawa na kazi nyingi sana ya kupanga maganda matupu.

Fundi hakuifungua bahasha. Aliitumbukiza kwenye mkoba wa mkewe, akaufunga zipu.

"Nimechoka kununua sarafu zangu mara mbili mbili," alisema. "Mtoto amebakiza mihula mingapi?"