Vinara vya Marehemu

Winifred alikuwa akinywa chai kwa mwana wa marehemu dada yake alipoviona vinara viwili vya chuma juu ya meko ya sebuleni. Ndivyo vilivyoibwa usiku wezi walipomsukuma dada yake ngazini.

Akakishika kimoja. Kidole chake kilizitambua alama za nyundo ya baba yao.

"Umevipata wapi, mwanangu?"

"Mnadani, kule Stroud, Mama mdogo." Alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari.

"Stroud gani, mwongo wewe!" mkewe akadakia toka jikoni, akicheka. "Si ulirudi navyo usiku, kabla hatujaletewa habari za msiba?"

Mwanamume akainuka, akaufunga mlango wa jikoni.

"Nikuongezee chai, Mama mdogo?"

Winifred alikikamata kinara barabara.