Nyota Alizoitiwa Nasoro

Maradhi ya sukari yalikuwa yamemaliza macho ya Mwalimu Sikudhani. Jioni moja, baada ya Isha, alimwomba mumewe Nasoro ampeleke uani na kuitoa ile darubini yake ya miguu mitatu.

"Utafute Msalaba wa Kusini," alimwambia. "Kisha panda juu, kushoto kidogo. Kuna doa kama moshi. Lielekezee."

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akimwita aje atazame, naye Nasoro akijibu kwamba nyota ni nyota tu, na kesho kuna kazi. Sasa aliinama. Alilikosa lile doa mara mbili, kisha akalipata. Halikuwa moshi. Zilikuwa nyota, maelfu kwa maelfu, zimesongamana katikati kama chumvi iliyomwagika, na pembeni zikiachana mojamoja.

"Umeziona, Baba Hamida?"

"Nimeziona." Hakuondoa jicho kwenye darubini. "Mbona hukuwahi kuniambia kwamba ziko hivi?"

"Nilikwambia."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Nasoro alitaka kuomba radhi, lakini hakujua aanzie mwaka gani.

"Zingali nyingi?" mkewe aliuliza.

"Nyingi sana."

Sikudhani aliinua uso, akauelekeza upande usio sahihi. Nasoro alimshika kidevu, akamgeuza kushoto taratibu, mpaka wakatazamana, yeye na zile nyota.