Mkeka wa Kilburn

Mpigaji simu aliposikia jina la Elinaja, aliacha Kiingereza.

"Jina la Kipare hilo," alisema. "Basi nisikilize vizuri, dada. Zuia mkeka wa Kilburn. Ukilipwa, mtu atakufa."

Simu ikakatika. Namba ilikuwa imefichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu aliyekulia Tanga.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye ofisi moja ya ghorofani huko Stratford. Kazi ya Elinaja ilikuwa kulinda mfuko wa mbio sita za farasi. Watu hujaza mkeka, yaani tiketi ya kutabiri mshindi wa kila mbio, hela zao zote huingia mfuko mmoja, na anayepatia zote sita huuchukua. Farasi wa mbio ya kwanza wakitoka tu, Elinaja hufunga mfumo. Baada ya hapo hakuna wa kuongeza, kubadili wala kufuta, hata mwenye mkeka mwenyewe.

Mbio nne zilikuwa zimekwisha. Kati ya mikeka elfu arobaini ilibaki mitatu. Mmoja ulikuwa wa Kilburn, mtaa wa upande wa pili wa jiji, wa mteja aitwaye Mitesh.

Elinaja alimfuata msimamizi wake, Bhavna, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Wakiwa wawili tu walizungumza Kiswahili.

"Kwenye tovuti tunaonyesha idadi ya mikeka tu," Bhavna alisema. "Huyo amejuaje kuwa mmoja ni wa Kilburn?"

Elinaja aliwatazama wenzake waliokaa mbele ya kompyuta zao, mmoja mmoja, akaona aibu kwa alichokuwa akiwaza.

"Hilo ni genge, wanataka mshindi asipatikane," Bhavna aliendelea. "Mfuko uhamie wiki ijayo, unone, wakati wao wameshajipanga."

"Nimpigie Mitesh nimtahadharishe?"

"Mkeka ukiwa hai hatumpigii mwenyewe. Kanuni unaijua. Mimi nawapigia polisi."

Mbio ya tano ikachana mikeka miwili. Ukabaki wa Kilburn peke yake.

Simu ikaita tena.

"Umeuzuia?"

"Siwezi. Na hata ningeweza, nisingefanya. Wewe ni nani?"

"Namjua huyo mtu tangu utotoni. Siku hizi anaishi peke yake. Mke amechukua watoto, wako Hayes."

"Unamtisha?"

"Nakueleza. Mwaka juzi alishinda. Wiki tatu baadaye hana hata senti, wakamwopoa mtoni. Safari hii hakuna atakayemwopoa."

Elinaja aliibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ile alimsikia mtangazaji wa televisheni akisoma majina ya farasi wa mbio ya sita. Kumbe naye alikuwa akitazama.

"Kaka, nakusihi, mwache," alisema.

Mtu yule alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Ningejua kumwacha, ningemwacha zamani."

Elinaja hakuwahi kubeti maishani mwake, wala hakujali farasi gani anashinda. Siku hiyo alisimama mbele ya skrini akiomba farasi namba saba, yule wa mkeka wa Kilburn, ashindwe. Kwa muda ilikuwa kana kwamba ombi lake limesikika, maana namba saba alikuwa nyuma kabisa, amezibwa na wenzake. Kisha nafasi ikapatikana upande wa ndani. Alipita mmoja, akapita wanne, akafika mwisho akiwa ametanguliza pua tu.

Ofisi nzima ikapiga makofi. Dakika nne baadaye mfumo ukamlipa Mitesh mfuko wote, bila mkono wa mtu kugusa chochote. Kwa miaka sita Elinaja alikuwa ameulinda mfumo huo, na hata leo hakuna aliyeweza kuutikisa.

"Polisi wamefika kwake?" aliuliza.

"Bado. Wanasema wako njiani." Bhavna alimsogezea simu. "Sasa unaruhusiwa. Mpongeze, halafu mwambie afunge mlango. Asimfungulie yeyote mpaka polisi wafike."

Simu ya Kilburn iliita kwa muda mrefu. Elinaja alikwishaanza kukata tamaa, ikapokewa. Alitaja jina lake na la kampuni, akampongeza upesi upesi kwa Kiingereza, kisha akamweleza kwamba kuna mtu amekuwa akitishia uhai wake mchana kutwa. Afunge mlango sasa hivi, tafadhali.

Upande wa pili alimsikia tena yule mtangazaji wa televisheni.

"Nimeshaufunga, dada Elinaja," ikajibu ile sauti ya Tanga. "Nilikuomba usinilipe."