Mwalimu wa Pili

Mheshimiwa Bupe alifika katika shule ya mwisho ya jimbo lake akiwa na karatasi ya mambo aliyotaka kuyapigania bungeni: madawati, vitabu, umeme. Watoto walikuwa wameshaondoka. Mwalimu Ambwene, aliyefundisha madarasa yote manne peke yake, alimkaribisha ofisini, akamfutia kiti vumbi.

"Wewe ungetanguliza nini, Mwalimu?"

"Mwalimu wa pili, Mheshimiwa."

"Watoto wamekuzidi?"

"Watoto nawamudu." Alitazama dirishani. "Ila wakishaondoka, sina wa kusema naye neno mpaka asubuhi. Juzi nilibisha hodi kwenye mlango huu, nikajiitikia mwenyewe."

Bupe alishika kalamu, lakini hakujua jambo hilo angeliandikaje likaeleweka bungeni. Nje dereva alipiga honi. Safari ya kurudi mjini ilikuwa ndefu na barabara mbovu. Mwalimu aliinuka upesi ili amsindikize. Bupe hakunyanyuka. Aliuliza kama kulikuwa na chai, na mwalimu akaanza kupekuapekua kabatini, akitafuta kikombe kingine.