Mlio wa Shimo Namba Nne

Kugonga kulianza tena. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Mshona nguo alimng'ang'ania mdogo wake mkono. Mdogo mtu, muuguzi, ndiye aliyekuwa akiendesha. Rejeta ya gari ilichemka, wakaingia kutafuta maji katika mji huu uliohamwa miaka thelathini iliyopita, dhahabu ilipokwisha. Walipita dirisha la mishahara, nondo zake zimeliwa na kutu, wakapita chumba cha taa chenye misumari yenye namba, kila msumari mtupu. Maji waliyapata kwenye pipa la mvua. Wangeondoka hapo hapo, lakini dada mtu alitaka kuliona shimo alimofukiwa babu yao na wenzake kumi na mmoja, wasitolewe hata mmoja.

Muuguzi alisema ni vyuma tu, vinatanuka kwa jua.

Ukingoni mwa shimo palikuwa na ndara jozi mbili, zimepangwa vizuri kama mlangoni mwa nyumba yenye wageni. Ndipo sauti ikapanda kutoka chini, nyembamba, ya mwanamume mzima anayelia.

"Mama."

Mshona nguo hakujua nguvu alizitoa wapi. Aliburuta bati nene lililolala pembeni, akalifunika shimo, akaweka na jiwe juu ili wasifuatwe. Kisha mguu niponye. Muuguzi aliangusha funguo mara mbili kabla gari halijawaka. Njiani dada mtu alisoma dua zote alizozijua, zilipokwisha akatunga nyingine. Alisema wakifika nyumbani lazima baba aambiwe kwamba babu hajapumzika bado. Muuguzi aliendesha tu, macho barabarani.

Penye nyumba za kwanza zenye watu, wanawake wawili walisimama katikati ya barabara, mmoja ana mtoto mgongoni. Muuguzi akafunga breki. Mwenye mtoto aliinama dirishani, akawasalimu, akaomba radhi kwa kuwasumbua wasafiri.

"Dada zangu, mmetokea mgodini? Waume zetu waliingia kule jana asubuhi kuchokoa mabaki ya dhahabu, na mpaka sasa hawajarudi. Hamkusikia mtu akiita?"

Muuguzi alinyoosha mkono nyuma, akawafungulia mlango.