Chaki Haikuchora Kitu

Ermete alifuta mafuta kwenye mkono wa usukani, kile chuma kinachogeuza magurudumu, akakinyunyizia unga wa chaki na kungoja. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka na kuchora mstari mweusi.

Chaki ilibaki nyeupe pe.

Hiki ndicho chuma alichokikataa jana na kukipaka rangi nyekundu. Vilikuwa viwili mezani, naye alivichanganya. Basi chenye ufa ndicho alichokigonga muhuri wake, na sasa kilikuwa mjini Brescia, ndani ya gari, kwenye mstari wa kuanzia mashindano.

Simu ililia. Meneja wa karakana aliipokea, kisha akaiziba kwa kiganja.

"Dereva huyo, na swali lake lile lile."

"Meneja, tumefunga kibovu."

"Tumefunga? Muhuri wa nani ule? Gari lisipoondoka leo, kesho karakana inafungwa."

Ermete akachukua simu.

"Mzee wangu! Umekigonga mwenyewe?" Dereva alikuwa akicheka, injini ikinguruma nyuma yake. "Sema tu, nikanyage mpaka mwisho."

Meneja hakubandua macho.

"Nimekigonga mwenyewe, mwanangu," alisema Ermete, akajifuta chaki kwenye suruali.