Asali ya Kurudisha

Sadala alirudi kwa mama mkwe wake, Bi Mwantumu, na ndoo imejaa asali, jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyuki.

"Mama, leo hupandi mti. Nimekurinia mzinga wote, sijaacha hata sega moja."

"Hata la majana, mwanangu?"

"Lile lenye vifunza? Nalo nimekata!"

Bi Mwantumu alichungulia ndani ya ndoo. Watoto wa nyuki, weupe kama punje za wali, walikuwa wakielea kwenye asali. Mzinga ule ndio pekee aliobaki nao, na nyuki wakikosa chakula na watoto huhama. Lakini alimwona mkwewe anavyotabasamu kwa jicho moja, akasema, "Ahsante, baba. Kaa nikukande."

Alipomaliza kumkanda, alimimina asali kwenye sahani, akatandaza vijiti juu yake ili nyuki wasizame, akaiweka chini ya mti wa mzinga. Nyuki walikuwa wametoka, wananing'inia mlangoni kwa fungu moja, wakivuma.

"Mama, unawarudishia?" Tabasamu lilimwisha Sadala.

"Waonje kwanza. Huenda wakakaa."

Nyuki mmoja alishuka, akatua kwenye kijiti, akatembea hadi ukingoni mwa asali. Juu yake, mvumo ulizidi.